Jiwe la Kilembe Lilivyonifungulia Bahari

Nauza sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia kwa jumla hapa Kikuubo, katikati ya Kampala. Marehemu baba alichimba shaba Kilembe, kule Kasese, akaniachia jiwe zito ninalokandamizia risiti zisipeperushwe na feni. Kwa miaka mingi Kilembe kwangu ilikuwa habari ya mgodi uliokufa mwaka 1982, na bahari niliiona mali ya wenye pwani.

Aliyenibadilisha ni mteja wangu, kijana anayesomea jiolojia. Wachukuzi wakipita na katoni mabegani, yeye alilisogeza jiwe lile kwenye balbu, akanionyesha michirizi miwili: wa manjano hafifu, pairiti, yaani chuma na salfa, na wa manjano yaliyokolea, kalkopairiti, wenye shaba. "Mzee, hili lilizaliwa chini ya bahari," akasema.

Akanieleza. Mwaka 1979, watafiti ndani ya nyambizi Alvin waliona kwenye sakafu ya Pasifiki, karibu na Mexico, mabomba ya mawe yakifuka maji meusi yenye joto la nyuzi 350 hivi. Maji ya bahari huzama nyufani, hupata moto, huyeyusha shaba, chuma na salfa, kisha hupanda. Yakigusana na maji baridi ya kilindini, madini huganda na kurundikana. Wanajiolojia wengi wanaona kuwa shaba ya Kilembe ilianza vivyo hivyo, yapata miaka bilioni 2 iliyopita. Ila rundo la baharini bado changa, mabomba yamesimama. La Kilembe limekunjwa na kuchomwa ndani ya ardhi, umbo likapotea, madini yakabaki.

Tangu siku hiyo nauangalia Mto Nyamwamba, unaopita Kilembe, kwa jicho jingine. Madini ya salfa yakikutana na hewa na mvua hutoa asidi, na shaba na kobalti huingia majini. Mabaki ya mgodi yako kando ya mto huo, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena 2020.

Sasa kuna kampuni zinazotaka kuchimba sakafu ya bahari. Uganda haina pwani, lakini iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1990, na mkataba huo unatamka kuwa sakafu iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa wanadamu wote. Basi ni yetu pia. Nawaomba wanaotuwakilisha kwenye Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, huko Kingston, Jamaika: kabla ya kuamua lolote, nendeni kwanza Kilembe, mkasimame kando ya Nyamwamba.