Magharibi ya Lamu, saa ya kuita watoto ndani

Ukibahatika kufika Lamu, msomaji mpenzi, usiwe baharini jua linapotua. Wageni wengi hukodi jahazi saa hiyo wakalitazame jua, wakakosa kuona jinsi mji wenyewe unavyojikinga na shari za usiku.

Ipite ngome uingie vichochoroni, kitambo kidogo kabla ya adhana ya Magharibi. Utawasikia akina mama na mabibi wakiita watoto, jina baada ya jina, na ole wake anayejifanya kiziwi! Waislamu wamefunzwa na Mtume kuwazuia watoto ndani giza linapoingia, kwani mashetani hutawanyika wakati huo, na kufunga milango kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Kitambo kikipita, watoto huachiliwa.

Kisha utanusa ubani na udi. Chetezo chenye makaa hupitishwa chumba hadi chumba, hata kwenye zidaka. Wako watakaokuambia kuwa moshi huo hufukuza majini. Masheikh wengi hawakubali. Kwao kinga ni maneno: Ayatul Kursiy, kisha Ikhlas, Falaq na Nas, sura fupi ambazo mtoto huzihifadhi kabla hata hajajua kusoma. Hizo tatu husomwa mara 3 asubuhi na mara 3 jioni. Wakati wa kulala mtu huzisoma tena, akapuliza viganjani na kujipangusa mwili. Mimi naona ubani nao una kazi yake: ukiunusa tu, unakumbuka kusoma.

Sura ya Nas huomba kinga dhidi ya anayetia wasiwasi vifuani mwa watu, awe jini au binadamu. Huyo binadamu ndiye anayewakosesha wazazi usingizi siku hizi. Muuza unga haogopi ubani, na mvulana wa miaka 16 haitwi akaja. Ndiyo sababu, naamini, yule wa miaka 5 huitwa kwa ukali namna ile: mguu uzoee kurudi nyumbani mapema, ungali mwepesi.

Ukialikwa ndani, vua viatu, wala usimsemeshe mwenyeji anaponong'ona nyiradi zake. Atakapomaliza utaletewa kahawa. Mlango utafunguliwa, na watoto watatoka tena mbio, wakipishana na punda.