Kutoka Kwale hadi Geita na Watoto Watatu

Desemba 2024 mgodi wa Kwale, Pwani ya Kenya, ulichimba mchanga wake wa mwisho wa madini, na nyumba nyingi za Msambweni na Ukunda zikaanza kupiga hesabu upya. Kampuni iliyouendesha, Base Titanium, ilisafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwaka 2014, na tangu siku za mwanzo ilijulikana kuwa madini yale yana mwisho. Mume wangu ni fundi wa mitambo mizito. Mgodi ulipofungwa alipata mkataba wa miaka miwili kwa mkandarasi mmoja Geita, Tanzania, akatangulia. Mimi na watoto tulimfuata Juni 2025, shule za Tanzania zikiwa likizoni.

Wakubwa wa nyumbani hawakuafiki. Mama mkwe aliniita barazani akaniambia, "Mwanangu, huko kwa wachimba dhahabu si pa kupeleka watoto. Mwache mwenzio atafute, wewe lea." Nilimsikiliza kwa heshima zote, lakini nilikuwa nimeona mengi pale Kwale: wanaume waliotoka mbali kuja kufanya kazi, wakiishi chumba kimoja cha kupanga, watoto wao wakiwajua kwa sauti ya simu. Mkataba wa miaka miwili kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni maisha yake yote na zaidi. Nikamwomba mama radhi, akatuombea dua, tukafunga mizigo.

Mpakani, Lungalunga na Horohoro, mama anayesafiri na watoto bila baba yao huulizwa maswali. Nilikuwa na pasipoti ya kila mtoto, hata wa mgongoni, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na barua ya mume wangu ya kuturuhusu. Haraka tukavuka. Tanga tulilala kwa ndugu, kesho yake tukapanda basi la Dar es Salaam, na kutoka hapo treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Kwa mwenye watoto wadogo treni hiyo ni neema: kuna choo na pa kunyoosha miguu, na hakuna konda wa kukuharakisha mtoto akitaka haja.

Kutoka Dodoma safari ikawa ya basi, nayo ilikuwa ndefu. Tulipita Manyoni na Singida, kisha tukateremka mlima Sekenke kwenda mbuga ya Wembere. Mzee mmoja wa kiti cha jirani alimweleza binti yangu wa miaka minane kuwa Sekenke ndiko Wajerumani walikochimba dhahabu, na kwamba mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita, waliichukua wakapiga sarafu Tabora, yenye picha ya tembo na mlima. Binti akauliza, "Babu, sasa dhahabu iko wapi?" Mzee akanyoosha mkono mbele, kule basi lilikokuwa linaelekea.

Shinyanga tulifika jioni, na baba watoto akatupokea stendi. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mabunda yake yalikuwa kwenye maguta na migongoni mwa malori. Tulifikia kwa rafiki yake ambaye baba yake alitumikia Mwadui, mgodi wa almasi aliouanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940. Mama wa nyumba ile alituandalia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani vikiwa vibichi hadi vikauke kabisa. Aliviosha, akavichemsha taratibu, akachanganya na karanga zilizotwangwa. Vilikuwa na rangi ya kahawia na utamu wa chini chini, na mwanangu wa miaka mitano, ambaye tangu Tanga alikuwa anakataa kila chakula, alikula hadi akasinzia na kipande mkononi. Asubuhi alifundishwa kuwaamkia wazee, "Mwangaluka," nao wakamwitikia kwa furaha ambayo sijaisahau. Msukuma humpokea mtoto wa mgeni kama wa ukoo, nalisema hili bila kusita.

Njiani kwenda Geita tulipita Kahama, na hapo mume wangu alinyamaza kidogo. Kahama ilipanda kuwa manispaa mwaka 2021, mwaka uleule mgodi wa Buzwagi, ulioanza uzalishaji 2009, ulipofikia mwisho wake. Eneo lake sasa linageuzwa kuwa la viwanda. Mji haukufa. Maduka yamejaa, mchele unapakiwa, pikipiki hazina idadi. Kwa sisi tuliotoka kwenye mgodi uliofungwa, Kahama ilikuwa habari njema kuliko hotuba zote tulizosikia kule kwetu, na natamani viongozi wa Kwale waje waione kwa macho yao. Mbele ya hapo ni vumbi la njia ya Kakola, ambako Bulyanhulu bado inachimba chini kwa chini, kisha vilima vya Geita.

Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012, na sensa ya 2022 iliuhesabia karibu watu milioni 3. Mgodi mkubwa, GGM, ulianza kuzalisha mwaka 2000, lakini nusu ya uhai wa mji uko kwa wachimbaji wadogo: maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha yanayosaga mawe mchana na usiku, kina mama wanaogonga magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodi mkubwa, wakitafuta chembe zilizobaki.

Kutafuta nyumba kulinifundisha Geita kuliko kitu kingine chochote. Dalali alituonyesha nyumba ya tatu, nzuri, ya vyumba vitatu, maji ya bomba, kodi tuliyoiweza, ya miezi sita kwa mkupuo. Nikaomba kuona uani. Chini ya mwembe kijana mmoja mpangaji alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Kando yake palikuwa na karai lenye matope mepesi, na mkononi ameshika donge la rangi ya fedha, dogo kama punje ya hindi, akilikamua kwenye kitambaa. Tone la zebaki lilichuruzika likarudi kwenye kikopo cha soda. Kisha akaliweka lile donge kwenye kijiko kikuukuu, akakisogeza juu ya makaa. Likabadilika taratibu hadi likawa njano. Alikuwa kijana mwenye adabu, alituamkia vizuri, na alifurahi kweli kumwonyesha mwanangu dhahabu. Hatua chache kutoka hapo sufuria ya uji ilikuwa inasubiri zamu yake kwenye jiko lilelile.

Zebaki hushikana na dhahabu, ndiyo maana wachenjuaji wanaipenda: unaichanganya na mchanga uliosagwa, inakusanya chembe, halafu unaichoma iondoke. Tatizo ni huko inakoondokea. Hugeuka mvuke usioonekana, ukavutwa na pua zilizo karibu, ukatulia kwenye kuta na nguo. Huharibu ubongo na figo, na mtoto mchanga na aliye tumboni ndio wanaoumia zaidi. Tulimshukuru dalali tukaondoka. Nyumba tuliyoipata hatimaye ni ndogo na maji yake hukatika, ila uani kuna mchicha, kuku wa mwenye nyumba, na basi.

Mwenyekiti wa mtaa alituandikisha siku ya kwanza. Binti aliingia darasa la tatu katika shule ya serikali iliyo jirani. Kenya alikuwa anasoma hisabati na sayansi kwa Kiingereza; hapa kila kitu ni Kiswahili, lugha aliyonyonya. Mwalimu wake aliniambia, "Mama, huyu tatizo lake si akili, ni aibu tu." Darasa limejaa sana, hilo siwezi kulificha, lakini baada ya muda alianza kurudi nyumbani akinieleza mambo ya mimea na maji kwa ufasaha ambao sikuwa nimeusikia kwake. Mwaka 2026 atafanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne pamoja na wenzake.

Mimi nilikuja na mzigo wa leso, nikitaka kufungua genge la kanga za Pwani. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo za rejareja, saluni, uwakala wa fedha kwa simu na hata uchimbaji mdogo. Iliniuma, maana mimi na muuza kanga wa Tanga tuna lugha moja na dini moja, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tumelisikia tangu 2010. Lakini niko hapa kwa pasi ya mtegemezi, na sheria ya mwenye nchi ni sheria. Leso niliwagawia majirani. Siku mtoto wa mgongoni alipopandisha homa usiku, ni hao majirani walioamka, mmoja akabaki na wakubwa, mwingine akatuita bajaji. Ilikuwa malaria, ambayo mikoa hii ina nyingi, na ilitibika kwa kuwahi. Tangu hapo hakuna anayelala nje ya chandarua, na tukienda Ziwa Victoria hatuogelei kwa sababu ya kichocho, japo watoto wa Pwani wanalilia maji.

Mkataba unaisha mwaka 2027, nasi tutarudi Kwale. Kwa ndugu zangu mnaochenjua dhahabu majumbani, nawaomba kwa mapenzi: kazi hiyo ifanyieni kwenye mwalo wa kuchenjulia, mbali na jiko na mbali na watoto, na mwenye uwezo atafute njia isiyo na zebaki. Na wewe mzazi unayeufuata mgodi na familia yako, usilipe kodi ya nyumba kabla hujaingia uani ukajua kunafanyika nini.