Kina cha Samoni

Mwezi uliopita nilikuwa safarini, na hiyo ndiyo sababu ya ukurasa huu kukosa makala yangu. Nilikwenda Kanada, katika mji wa Mississauga ulio ukingoni mwa Ziwa Ontario, kumzuru mtoto wa marehemu ndugu yangu, ambaye nilimlea tangu alipofiwa na babake akiwa na umri wa miaka 11. Alikuwa hajatia mguu kwetu Shimoni kwa miaka 9. Mamake, shemeji yangu, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua, alinishika mkono siku ya kuondoka akaniambia maneno mawili tu: “Mwambie arudi.”

Siku tano za mwanzo sikupata mlango wa kuingilia. Kijana hufanya kazi ya ghala zamu ya usiku, na mchana hulala au huwapeleka watoto wake watatu huku na kule. Kila nilipoanzisha maneno alinijibu, “Inshallah, Ami,” kwa ile sauti ambayo sote tunaijua maana yake. Siku ya sita akaniuliza kama ningependa kwenda kuvua. Alikuwa amekwisha kunikatia kibali cha serikali, kwani kule hata mshipi mmoja hautiwi majini bila kibali.

Tuliswali alfajiri kwenye gati ya Port Credit, pale Mto Credit unapomwaga maji yake ziwani, kisha tukatoka na mashua yake ndogo ya mtambo kungali giza. Nilidhani naujua uvuvi ule. Marehemu baba yetu alikuwa mrambazaji wa nguru katika Mkondo wa Pemba, na kurambaza ni kurambaza: chombo kinakwenda, mshipi unafuata nyuma, na chambo kinamhadaa samaki adhani ni kidagaa kinachokimbia. Lakini nguru huja juu. Samoni wa mwezi wa Agosti hayuko juu, na hapo ndipo elimu yangu ilipokoma.

Kijana alinieleza huku akitayarisha vifaa. Jua la kiangazi hupasha maji ya juu ya ziwa, na maji hayo mepesi hukaa juu ya maji mazito ya baridi bila kuchanganyika nayo, kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Baina ya tabaka hizo mbili kuna mpaka mwembamba ambapo joto hushuka ghafla. Samoni wa aina ya Chinook hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, na samaki wadogo wa rangi ya fedha anaowala, ambao ni wa ukoo mmoja na simu wetu, hujikusanya karibu na mpaka huo. Kwa hiyo mvuvi hutafuta baridi kwanza, kisha ndipo amtafute samaki. Wala mpaka haukai mahali pamoja. Upepo ukivuma siku mbili kutoka nchi kavu husukuma maji ya joto kwenda mbali, na baridi ikapanda karibu na ufuo. Ukigeuka, yote hugeuka. Palipokuwa na samaki jana, leo ni maji matupu.

Asubuhi ile maji ya juu yalikuwa nyuzi 21. Alishusha kipimajoto, akakuta nyuzi 11 kwenye pima 11 hivi, yaani mita 20. Ili chambo kifike huko hutumia tufe la risasi la uzito wa kilo 5 hivi, lililofungwa kwenye waya wa chuma. Mshipi hubanwa kwenye kibanio karibu na tufe; samaki akikamata, kibanio huachia na mvuvi akabaki na samaki wake bila ule uzito. Babangu alitumia chubwi, lakini chubwi lile lingelia kwa kuona haya! Akanionya pia kwamba saa inayohesabu waya haisemi kweli yote, kwa kuwa chombo kikienda waya hulala nyuma, na tufe huwa juu kuliko hesabu inavyodai. Mwendo wetu ulikuwa kama kilomita 4 kwa saa. Ukizidisha, kijiko cha bati kinachotumika kama chambo huzunguka ovyo. Ukipunguza, hulala kikafa.

Kabla ya jua kuchomoza alitumia vijiko vinavyong'aa gizani, alivyovimulika kwanza kwa tochi, na akaviweka juu kidogo, kwani gizani samaki hupanda. Jua lilipotoka akavishusha. Hapo mimi nikadai nyekundu. Baba hakurambaza bila kitambaa chekundu kwenye ndoana, na mimi nilikuwa na hakika. Kijana kwa adabu akafunga kijiko chekundu. Saa nzima ikapita. Nikataka cha manjano, akafunga. Nikataka cha fedha.

“Ami,” akasema mwishowe, “nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kufa majini. Babu alikuwa akivua juu, mwanga ukiwapo. Kule chini nyekundu ni kama weusi tu. Kinachobakia kuonekana ni buluu na kijani. Lakini si rangi inayotuponza. Tumebadilisha chambo mara tatu, kina hatujakigusa.”

Akashusha pima 3 zaidi, akafunga ubao mwembamba wa kijani unaometameta na nyuma yake chambo kidogo cha nyuzi kama ngisi. Robo saa haikutimia, ufito ukaruka. Nilipigana na samaki yule mpaka mikono ikatetemeka. Alikuwa wa kilo 9 kasoro.

Tulipokuwa tumekaa tukipumua, niliona nafasi yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba samoni, baada ya miaka 3 au 4, huuacha utajiri wote wa maji makubwa akaurudia mto alikoanguliwa, akataga, akafa. Nikamwambia: samaki huyu asiye na akili anajua kwao.

Hakukasirika. Alitazama ule mdomo wa mto kwa muda. “Samaki hawa si wa hapa, Ami. Samoni wa asili wa ziwa hili walitoweka kabla ya mwaka 1900. Watu walijenga mabwawa ya vinu mitoni, wakakata misitu, wakavua kupita kiasi. Hawa mababu zao waliletwa kutoka Bahari ya Pasifiki miaka ya 1960. Mwezi ujao wataingia mto huu hapa. Hawarudi Pasifiki. Hawaijui.” Kisha akaongeza, polepole: “Wanangu wote watatu wamezaliwa hapa.”

Nimehutubu mimbarini miaka 20 na zaidi, na sikuwa na la kujibu. Nikamwuliza swali ambalo kwa miaka 9 ya simu sikuwahi kumwuliza: Shimoni kunamwumiza wapi? Akaniambia. Hayo ni yake na mamake, sitayaandika.

Jioni mkewe alimtoa samaki ngozi na mafuta ya tumboni na mgongoni, kwani uchafu wa viwanda wa zamani hukaa kwenye mafuta, na serikali hutoa mwongozo wa kiasi cha samaki wa ziwa kinachofaa kuliwa, hasa kwa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Watoto walipewa vipande vidogo. Alimpaka nazi ya kopo na ndimu. Alikuwa mtamu, ila nguru wa kupaka hajashindwa bado.

Nimerudi na kijiko kile chekundu. Kijana alinipa nimpelekee mamake. Shemeji alikigeuzageuza mkononi, akauliza, “Ulimwambia?”

Nikasema nilimwambia, na nikamweleza yote, hata yale nisiyoyaandika hapa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza pasipoti siku hizi hukatwa ofisi gani, na kama mtu wa magoti mabovu anaweza kupanda ndege.