Maji ya Mlima Elgon Niliyoyakuta Lodwar

Tembea uone, walinena wahenga. Mimi nilitembea, nikaona, na sasa nawasimulia, enyi wasomaji wapenzi, ili nanyi muone bila kulipa nauli.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Lodwar, Turkana. Tangu aandikwe kazi huko, nyumbani kwetu Bungoma hapana amani. Mama husema mwanawe ametupwa. Likizo ya Aprili ilipowadia, alinifungia unga, maharagwe na ujumbe mmoja: "Mwambie aombe uhamisho. Huko si mahali pa mtoto wa mtu."

Tulipita Webuye, Kamukuywa na Kiminini, mashamba ya mahindi huku na huku, mvua ikitusindikiza hadi Kitale. Usiku huo nililala kwa mjomba, upande wa Suam, chini ya Mlima Elgon. Mjomba huyu huchoma makaa. Kama anaruhusiwa au la, msiniulize. Nijualo ni kwamba karo yangu ya muhula wa kwanza ilitoka katika magunia yale. Jioni tulisimama kando ya mto Suam, maji yakinguruma.

"Mjomba, mto huu unaenda wapi?"

"Aah, unaenda kwa wenyewe huko," akajibu, akaendelea kunoa panga.

Siku ya pili nilipanda basi la Lodwar. Tulipita Kapenguria, mahali ambapo Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa na mkoloni kuanzia mwaka 1952 hadi 1953. Kisha tukaanza kuteremka. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lodwar mita 500 tu. Kwa hiyo kufika Marich sweta nilikuwa nimeivua, na kufika Kainuk nilitamani kuivua hata ngozi! Mahindi yaliisha, migomba ikaisha, pakabaki migunga, mawe na mbuzi. Tulipopita Lokichar, eneo ambalo mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, mzee mmoja Mturkana aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa upole, "Kijana, Kenya hawajambo?" Nikajibu hawajambo. Baadaye nikajiuliza, kwani hapa tulipo ni wapi?

Lodwar ni mji wenye vumbi, vilima vya mawe meusi, bodaboda tele na mikoma mirefu. Akina mama hufuma vikapu vya kupendeza kwa majani ya mikoma hiyo. Mkoloni alimzuilia Kenyatta hapa tangu 1959 hadi 1961, kabla ya kumhamishia Maralal. Aliuchagua mji huu kwa sababu ya umbali wake na jua lake. Nilipowaza hayo nikayakumbuka maneno ya Mama: "ametupwa." Loo! Mkoloni alikwenda zake, lakini macho aliyoitazamia Lodwar tumebaki nayo sisi.

Asubuhi dada alinipeleka Kawalase, mto wa msimu ambao siku hiyo ulikuwa mchanga mtupu. Msichana wa rika langu alikuwa ameingia katika shimo hadi mabegani, akiteka maji kwa kibuyu, kidogo kidogo, mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Nilimwamkia "Ejok," akacheka jinsi nilivyotamka. Kisha akaninywesha kabla hajajaza mtungi wake. Wacha niseme ukweli, sijawahi kunywa maji kwa heshima kama siku ile.

Kutoka hapo tulikwenda ukingoni mwa mto Turkwel. Huu ulikuwa na maji, na mifugo ilikuwa ikinywa.

"Unaujua mto huu?" dada akauliza.

"Siujui."

"Unaujua. Ulilala kando yake kwa mjomba."

Nilipigwa na butwaa. Kumbe Suam ndio Turkwel! Unatoka Mlima Elgon, unashuka nchi ya Wapokot hadi bwawa la Turkwel lililokamilika mwaka 1991, kisha unakuja Lodwar na kumalizikia Ziwa Turkana. Bwawa lile huweza kutoa megawati 106 za umeme, na nyaya zake kubwa zilivutwa kwenda kusini, hadi Lessos. Basi "wenyewe huko" aliowataja mjomba ndio hawa.

Nilipomfikishia dada ujumbe wa Mama, alisema, "Mwambie nina watoto 60 darasani. Nikiondoka, niwaachie nani?"

Nikirudi nilimweleza mjomba habari za msichana wa Kawalase na za mto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwambie mwalimu wako mkuu ashushe karo, nami nitashusha panga." Sikuwa na jibu, na hadi leo ninalitafuta.

Wanachama wenzangu, jambo hili si la mjomba peke yake. Mti ukikatwa mlimani, anayeulizwa gharama yake ni mtu asiyejua hata jina la aliyeukata. Tuanzeni na kitalu cha miche hapa shuleni, hata kama ni kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mama bado hajaridhika. Lakini siku hizi, dada akipiga simu, swali lake la kwanza si uhamisho tena. Huuliza, "Mto una maji?"