Koili, Kondensa na Redio ya Awowe

Najua gazeti hili hujaa kandanda, mahaba na safari za Mombasa. Mimi, mwanachama wa zamani, nimeona niandike juu ya waya. Usifunue ukurasa mwingine bado. Kila ndege huruka na ubawa wake, na wangu mimi, nilipokuwa kidato cha tatu mwaka 1997, ulikuwa koili ya gari.

Koili yenyewe nilipewa na abti, yaani ndugu yake mama, aliyekuwa dereva wa lori. Aliichomoa kwenye Land Rover kuukuu iliyooza nyuma ya nyumba yetu mjini Garissa. Ndani ya kile kikopo mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Wa kwanza ni mnene, mizunguko mia mbili na kitu. Wa pili ni mwembamba kama unywele, na mizunguko yake ni mara mia hivi ya ile ya kwanza. Ukipitisha umeme wa betri ya volti 12 kwenye ule mnene kisha ukaukata ghafla, nguvu ya sumaku iliyokuwa imejengeka huporomoka, na kwenye ule mwembamba huzuka volti 20,000 au zaidi. Kondensa ndogo iliyoko kando ya platini ndiyo inayofanya mkato huo uwe mkali. Ikiharibika, cheche huishia kuzila platini na gari haliwaki ng'o!

Kwa fundi, kazi ingeishia hapo. Mimi nilikuwa nimesoma maktabani habari za Nikola Tesla, ambaye mwaka 1891 aliunganisha koili na kondensa akapata umeme wa kurukaruka hewani. Basi nikakusanya chupa za soda, nikazijaza maji ya chumvi na kuzivika karatasi ya bati kwa nje. Chupa ya namna hiyo ni kondensa kamili, wala huhitaji kwenda Nairobi kuinunua. Waya mwembamba niliutoa kwenye feni iliyoungua nikauzungusha kwenye bomba la plastiki, mizunguko 800, vidole vikafa ganzi. Chini ya bomba nikaweka waya mnene, mizunguko michache tu.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Nilipohamisha kiungo kutoka mzunguko wa saba hadi wa tisa, tyubu ya taa niliyokuwa nimeisimamisha kando, haijaunganishwa na kitu, ikawaka yenyewe! Dada yangu mdogo alitoka mbio akipiga kelele za majini.

Hapakuwa na jini. Umewahi kumtazama punda wa maji? Wakati huo mitaa mingi ilikunywa maji ya Tana yaliyoletwa kwa mikokoteni. Pipa likiwa nusu, maji huwa na mwendo wake ya kwenda na kurudi. Punda akitembea polepole, hayamwagiki. Akikimbia sana, hayamwagiki sana. Lakini hatua zake zikipatana na mwendo wa maji, kila hatua huongeza wimbi kidogo, na mara mwenye pipa analia hasara. Koili na kondensa ni hivyo hivyo: umeme huenda kwa huyu, hurudi kwa yule, kwa masafa yao wenyewe. Wapate jozi nyingine yenye masafa yale yale, wimbi hupanda hadi limwagike hewani.

Na hiyo ndiyo redio. Ukizungusha kile kisu cha stesheni, unabadilisha kondensa mpaka ipatane na mwendo wa stesheni unayoitaka. Ukiipunguza kondensa mara nne, masafa huongezeka mara mbili.

Sasa, mwisho wa mwaka ule ikaja El Niño. Wazee wetu waliozoea kuomba mvua walianza kuomba ikome. Tana ilifurika, barabara zikakatika, mifugo ikafa kwa mamia, na watu wakaanza kuugua homa ambayo mwezi wa Desemba ilitambuliwa kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Abti alikuwa ameondoka na lori la sukari kwenda Wajir na hatukuwa na neno lake. Simu haikuwa kitu cha mtu wa kawaida. Kilichobaki ni redio ya Awowe, babu yetu, aliyesikiliza idhaa ya Kisomali ya KBC, kisha BBC, na jirani nusu mtaa wakiketi kwenye mkeka wake.

Kila jioni redio ikaanza kukwaruza. Krrr, krrr, sauti ya msomaji ikimezwa katikati ya jina la mji. Jirani mmoja akanielekeza kidole. "Ni hiyo moto ya huyu kijana. Inaingia kwa redio."

Awowe hakunigombeza. Alisema tu, "Toa hiyo kitu kwa nyumba. Mimi nataka kusikia barabara."

Haikuwa uzushi mtupu. Cheche kweli hurusha mawimbi, na meli za zamani zilipelekeana habari kwa cheche. Lakini jioni hizo sikuwa nimewasha chochote. Nikaibeba betri nikaiweka miguuni pake. "Awowe, betri hii hapa." Tukakaa. Magharibi ilipopita, krrr!

Nikamwomba redio. Ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushwa waya, nacho husikia vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha. Nikaigeuza taratibu mpaka mkwaruzo ukafifia kabisa: ncha ikawa inaelekea dukani, au upande wa pili kwenye makaburi. Makaburini hakuna mashine. Dukani kulikuwa na jenereta ya petroli ya kupozea soda, iliyowashwa kila umeme wa mji ulipozima.

Jenereta nayo ina koili na kondensa. Cheche ikiruka kwenye plagi, waya wa plagi hutetemeka kwa masafa ambayo hakuna aliyeyapanga, na redio huyasikia. Nilimwomba mwenye duka ruhusa nikavisha plagi yake kofia ya pikipiki, ile yenye ukinzani wa omu 5,000. Ukinzani huo huuchosha mtetemo mara moja, lakini injini haijui tofauti. Mwenye duka alisimama na panga, sijui la nini. Tulipowasha, soda zikaendelea kupoa na msomaji wa habari akasikika hadi mlangoni.

Mama alikubali niendelee, kwa sharti: nje ya nyumba, viatu vya mpira, mkono mmoja mfukoni, na chupa zimalizwe umeme kwa waya wenye mpini wa mbao kabla ya mtoto yeyote kusogea. Chupa hukaa na umeme hata betri ikiondolewa, na hauonekani kwa macho.

Abti alitokea siku ya kumi na moja, kwa miguu kutoka Modika, matope hadi magotini, lori ameliacha huko mbele na turnboy wake. Tulimrukia sote. Awowe alimshika mkono akamketisha kando yake, akamwashiria anyamaze kwanza. Habari zilikuwa hazijaisha.