Mnataka Chama? Leteni Watu 24,000

Wasee, hili swali nimeulizwa mpaka nimechoka kulijibu mmoja mmoja: mbona sisi vijana wa Meru na Embu tusianzishe chama chetu kabla ya Agosti 2027? Si tuko wengi? Si simu tuko nazo?

Wanaouliza wako serious. Wanne walishuka Embu kutoka Meru na Nkubu, tukakaa kibandani kwa chai na chapo, wakaniambia mimi nitakuwa mkuu wa mawasiliano. Jina walikuwa nalo. Nembo walikuwa nayo, tena kali, mtoto wa mtu alikuwa amekesha kwa kompyuta. Rangi pia. Nikauliza nani amesoma sheria. Wakaangaliana, halafu mmoja akaniambia, "Wewe ndio ulienda chuo, bro." Nilienda, ndio, nikatoka mwaka wa pili karo iliposhinda wazazi, lakini kusoma hakuhitaji karo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 iko kwa intaneti bure. Niliimaliza usiku mbili.

Nitawaambia nilichopata, halafu mseme kama bado mnataka.

Kuanza si ngumu. Unaita mkutano wa waanzilishi, unaandika kumbukumbu, unatunga katiba ya chama, unapeleka jina, nembo na rangi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, jina lisifanane na la chama kingine. Unalipa shilingi 100,000 ambazo hazirudi. Mkikubaliwa mnapata usajili wa muda. Hapo mnaweza kufanya mikutano na kuita watu, lakini uchaguzi hamuingii. Na saa inaanza kuhesabu: siku 180. Miezi sita.

Ndani ya hiyo miezi sita mnatakiwa muwe mmepata wanachama wasiopungua 1,000, wapiga kura waliosajiliwa, kutoka kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kenya ina kaunti 47, kwa hivyo tunaongea kaunti 24. Fanya hesabu. Watu 24,000, kila mmoja na jina na nambari ya kitambulisho. Uwe na ofisi kuu, na matawi kwenye hizo kaunti 24. Kwenye uongozi wa juu, jinsia moja isizidi theluthi mbili. (Wale wanne waliokuja kwangu wote walikuwa wanaume. Niliwauliza wasichana wako wapi, wakasema "watakuja.") Halafu usajili kamili nao una ada yake, 500,000.

Chumba kidogo cha ghorofani hapa Embu, cha kuweka meza na viti viwili, nimeulizia, ni kama 8,000 kwa mwezi. Zidisha kwa ofisi 24, kwa miezi sita. Ni 1,152,000 kabla hujalipa mtu nauli. Ukiongeza ada zote mbili unapita milioni moja na laki saba. Kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa kimechanga 14,300.

Lakini pesa si ndio ilinikalia kichwani. Ni zile kaunti.

Chukua kalamu uhesabu. Meru, Embu, Tharaka Nithi, Kirinyaga, Nyeri, Murang'a, Kiambu, Nyandarua, Laikipia, weka na Nakuru. Hiyo ni kumi. Mlima wote umeisha na bado una deni la kaunti kumi na nne. Sheria imekufungia njia makusudi, na Katiba, Kifungu cha 91, inasema waziwazi kwamba chama hakiwezi kujengwa juu ya kabila, dini, lugha wala eneo. Kwa hivyo lile neno "chama chetu, cha Meru na Embu" linakufa hapo mlangoni. Itabidi uende Isiolo, na nyinyi watu wa Meru mnajua vile tunaongea kuhusu Isiolo kila wakati ule mpaka unapotajwa. Itabidi uvuke uende Kitui, uende Machakos, uende Garissa, ukamwambie kijana wa huko kwa nini shida yako ya bei ya muguka au ya majani chai ni shida yake. Kama huna sentensi moja ya kumwambia, basi wewe huna chama, una nembo.

Mmoja wa wale wanne alikasirika. Akasema hii sheria iliwekwa na wakubwa ili maskini wasiingie. Kwa upande wa pesa namkubalia kabisa. Laki sita ni pesa ya mtu mwenye mjomba. Lakini kwa upande wa kaunti 24 mimi naona sheria iko sawa, na sitajificha kusema. Tumeona vyama vya mlima mmoja, vya mto mmoja, vya mzee mmoja.

Na hapa kwetu tunavijua vyama kama tunavyojua magari ya stage. Meru tulikuwa na Basi, na si utani, nembo yenyewe ilikuwa basi. Kiraitu Murungi alikuja na APK kuelekea uchaguzi wa 2013, na Peter Munya akawa gavana wa kwanza wa Meru kwa hiyo tiketi. 2016 hilo basi likamezwa na Jubilee pamoja na vyama vingine. 2021 Kiraitu akatoka tena na DEP, na nembo ikawa basi tena. 2022 Lenny Kivuti akalipanda upande wa Embu, akashindwa na Cecily Mbarire wa UDA. Kiraitu mwenyewe akashindwa Meru. Uliza mtu yeyote pale Makutano: tawi la hilo basi kwa wadi yako liko wapi leo? Nani katibu? Gari likifika mahali dereva anaenda, abiria wanashushwa.

Kwa hivyo wengine hunishauri njia ya mkato: usisajili, nunua. Kuna vyama zaidi ya 80 vilivyosajiliwa nchini, vingine vinakaa kwa droo vikisubiri mtu mwenye hela. Sina la kusema sana juu ya hilo. Ukinunua droo utapata droo.

Wengine husema wachana na chama kabisa, simama kama mgombea huru. Hii hoja ina nguvu na Meru ndio ushahidi wake. 2017 John Paul Mwirigi alikuwa na miaka 23, mwanafunzi, alitembea kwa miguu akiomba kura na akawa mbunge wa Igembe Kusini bila chama. 2022 Kawira Mwangaza alishinda ugavana bila chama, akapita Mithika Linturi wa UDA na Kiraitu mwenyewe. Nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyeshinda beti. Lakini angalia kilichofuata. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumtoa Desemba 2022. Likarudia 2023. Likarudia Agosti 2024, na safari hiyo Seneti ikakubali, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kumwokoa. Sema unavyotaka juu ya makosa yake au ya wawakilishi wa wadi, mimi sitetei upande. Ninachosema ni kwamba aliingia kwenye lile bunge bila hata mwakilishi mmoja aliyechaguliwa kwa tiketi moja naye. Kura za wananchi zilimpeleka ofisini, lakini za kumlinda mle ndani hakuwa nazo. Ndio maana bado naamini katika chama, hata baada ya hesabu hizi zote.

Na Juni 2024 ilinifundisha upande wa pili. Tulisema hatuna kabila, hatuna chama, hatuna kiongozi. Nilisema pia, niko na vidio. Ilifanya kazi, Mswada wa Fedha uliondolewa kwa sababu watu walitoka na wengine hawakurudi nyumbani. Lakini huwezi kuandika "hatuna kiongozi" kwenye karatasi ya kura. Wenye vyama walijua hilo, wakangoja tuchoke. Mei 2025 Gachagua akazindua DCP. Novemba 27 mwaka huohuo, hapa Mbeere Kaskazini, uchaguzi mdogo ukawa wa UDA na Democratic Party, kile chama alichoanzisha Kibaki mwisho wa 1991 kabla wengi wetu hatujazaliwa. Leo Wamuthende wa UDA akashinda Newton Karish kwa kura 494. Hiyo ni watu wa matatu 36 za abiria kumi na nne. Vijana wa Siakago ambao walikuwa Nairobi wakipiga kelele mtandaoni wangejaa hizo matatu na wabaki.

Sasa niwaambie jaribio nililofanya. Niliweka vidio nikauliza: nani angejiunga na chama kipya cha vijana? Mapenzi yalikuwa kwa maelfu, moto-moto kwenye komenti. Wiki iliyofuata nikasema sawa, anayemaanisha aje ana kwa ana, Jumamosi, soko la Embu, aandike jina, kaunti, na nambari ya kitambulisho kwa karatasi, na karatasi nabaki nayo kwa kabati imefungwa. Sikutaka fomu ya mtandaoni, maana nambari za watu si mchezo na kuna sheria ya data ya 2019. Walikuja 38.

Thelathini na nane, na hawakukosa sababu. Mama mmoja anayeuza muguka aliniangalia akacheka: "Kijana wangu, kitambulisho changu tayari kiko kwa chama, na mimi sijui ofisi yao iko wapi." Mnakumbuka 2021, Wakenya walipoingia eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama wasivyowahi kuvisikia? Watu wengi walishuku zile daftari za maajenti wa pesa za simu, pale unapoandika jina na nambari na kusaini. Mimi pia nilipoangalia nilijikuta ndani ya chama kimoja, nitakiacha bila jina. Kujiondoa kulinichukua dakika chache. Lakini ile hali ya kuibiwa jina haitoki haraka. Huyo mama nilimwonyesha kwa simu yangu jinsi ya kujitoa. Akajitoa. Halafu akakataa kujiandikisha kwetu, na nikamwambia ni haki yake, na nikanunua muguka ya hamsini ingawa situmii.

Mfuasi wa TikTok ananipa kidole chake kwa sekunde moja. Mwanachama ananipa nambari ambayo alishaibiwa mara moja. Hapo katikati ndio kuna kazi yote ya kuanzisha chama, na hakuna programu ya simu inayoifanya.

Wale wanne niliwarudishia jibu. Nembo iwekwe kando. Shilingi 100,000 zisilipwe sasa, kwa sababu ukilipa ndio siku 180 zinaanza kukula. Kwanza tutafute majina ya walio tayari, kaunti kwa kaunti, bila kupewa soda, bila kuahidiwa kazi. Tukifika mia moja kwa kila moja ya kaunti 24, tunaenda kwa Msajili. Tusipofika, tutakuwa tumejua bila kupoteza laki. Wawili walikubali. Mmoja alitoka kwa kikundi usiku huohuo, nasikia ameitwa na mheshimiwa fulani. Wa nne bado anafikiria.

Hadi jana karatasi zinasema hivi: Embu 61, Meru 44, Tharaka Nithi 17, Kitui 3, Isiolo 9. Hao tisa wa Isiolo waliletwa na msichana mmoja wa hukohuko ambaye alitusomea sheria kutuliko, na sasa yeye ndiye anashika daftari. Jumamosi hii tuko Siakago, karibu na stage, kuanzia saa nne. Beba kitambulisho chako mwenyewe, si cha ndugu yako. Na kalamu nyeusi kama unayo, zile za bluu hazitokei vizuri kwenye fotokopi.