Siku Niliyomcheka Mume Wangu Jimu

Ilikuwa Jumatatu, saa moja kasoro jioni, na jimu imefurika. Watu kama arobaini hivi, mistari minne, kioo kimechukua ukuta wote wa mbele. Muziki ulikuwa juu mpaka unausikia kifuani. Tukiwa katikati ya kuchuchumaa na kuinuka, ticha akapunguza sauti, akamnyooshea kidole mume wangu aliyekuwa mstari wa nyuma, akasema kwenye kipaza sauti: "Baba, hiyo mimba ina miezi mingapi? Kliniki umeshaanza?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi, mpenzi msomaji, nikacheka. Wala halikuwa tabasamu la kuficha aibu. Nilicheka mpaka nikashika magoti.

Baba Junior naye akacheka kidogo, akakipigapiga kitambi chake, akaendelea na mazoezi. Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Tulifikaje pale? Mwezi mmoja kabla, kazini kwake walikuja watu wa kupima afya. Presha yake ikasoma 152 juu ya 96. Akaenda hospitali, akapimwa tena siku mbili tofauti, majibu yakawa yale yale. Daktari akamwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na aanze mazoezi. Mume wangu ana miaka 39. Baba yake mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 52, akapooza upande wa kulia, na sisi ndio tuliokuwa tukimlisha kwa kijiko. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno presha si neno dogo.

Maisha yetu ni yale ya wengi hapa Dar. Unatoka nyumbani alfajiri kuwahi foleni, unakaa kwenye kiti mpaka jioni, unarudi kwenye foleni, njiani mnanunua chipsi mayai kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kuingia jikoni. Jumamosi nyama choma, Jumapili mnajinyoosha kwenye kochi. Mimi mwenyewe tangu nimzae Junior, miaka mitatu, sikuwa nimeruka hata mtaro. Nikasema twende wote, tuoneane aibu. Tukalipa ada ya mwezi kwenye jimu moja iliyo njiani kurudi nyumbani.

Nisiwe mnafiki, mimi nilipapenda. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Wiki ya tatu nikaanza kulala usingizi wa kweli. Kuna kitu kinatokea mkiwa wengi. Peke yako ungeacha baada ya dakika kumi, lakini jirani yako wa kulia anaruka, wa kushoto anaruka, muziki unakubeba, unashtukia saa nzima imekwisha. Na ticha wetu, pamoja na mdomo wake, alikuwa na mzuka si mchezo. Hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Alhamisi ya wiki ile, Baba Junior akanipigia simu: ana kikao. Jumatatu iliyofuata, gari ina tatizo. Baadaye akaacha hata kutafuta sababu. Nami nikaja juu. Nikamwambia ni mvivu, nikamkumbusha hela iliyolipwa, nikamtajia mpaka marehemu baba yake. Hakujibu. Alichukua rimoti akaongeza sauti ya tivii.

Kilichonifungua macho ni mazungumzo ya chumba cha kubadilishia nguo. Shosti mmoja tuliyezoeana alikuwa amekaa na barafu gotini. Alimwambia ticha kwamba goti linauma, akajibiwa kwamba maumivu ni ya walegevu. Akaruka. Sasa ngazi anapanda moja moja, kama bibi. Mwenzake, mwenye mtoto wa miezi minne, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye kila akiruka mkojo unamtoka, na kwa hofu ya kutajwa kwenye kipaza sauti, anavaa pedi na kunyamaza.

Nikadhani nimepata kesi ya kumfungulia ticha. Lakini dada mmoja wa benki akatukatisha. "Jamani, mimi yule ndiye ameniokoa. Nimepita jimu tatu za kubembelezwa, sikupungua hata kilo. Mimi nataka mtu wa kunifokea." Na siku nyingine, nje, nilizungumza na mzee mmoja mstaafu ambaye hufanya nusu ya mazoezi tu, nusu nyingine anapiga makofi. Aliniambia mkewe amefariki, watoto wako mikoani, na siku za darasa ndizo siku anazosikia jina lake likiitwa. Nani atamwambia yule mzee kwamba jimu ile ni mbaya?

Ticha ni yule yule, muziki ule ule, ada ile ile. Mmoja anaondoka mzima, mwingine anachechemea. Tatizo ni kwamba mwalimu mmoja mwenye watu arobaini hawezi kuona magoti themanini. Anaona umati. Kwa hiyo asiyejisemea anaumia kimya kimya, au anapotea, na hakuna anayeuliza yuko wapi. Mazoezi ya pamoja hayakuandikiwa mwili wako wewe. Mwenye presha, kwa mfano, hatakiwi kubana pumzi anaponyanyua vyuma, maana hapo presha inapanda ghafla. Mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua hana haja ya kuona aibu. Ni jambo linalowapata wengi, na lina mazoezi yake ya misuli ya nyonga na tiba yake hospitalini. Hayo yote hayasemwi pale mbele ya kioo, muziki ukiwa juu.

Usiku ule nilimsubiri Junior alale. Nikakaa karibu na mume wangu, nikamwambia, "Baba Junior, nisamehe. Yule ticha alikudhalilisha." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma.

"Mama Junior, ticha hanijui. Wale watu pia hawanijui, wacha wacheke. Lakini mbele yetu pale kuna kioo. Niliinua macho kutazama kama na wewe umechukia, nikakuona unacheka kuliko wote."

Sikuwa na la kusema. Nililia. Akaniambia kingine ambacho sikukijua: kwamba anaogopa. Kila akiamka asubuhi, kabla hajatoka kitandani, anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, aone kama bado vinafanya kazi. Tumelala kitanda kimoja miaka sita, sikuwahi kuliona hilo. Mimi nilichokiona ni kitambi.

Wiki ile nilimfuata ticha baada ya darasa, nikamwambia yote, la presha na la goti (la mkojo sikumtaja mtu). Nilijiandaa kwa ugomvi. Akashangaa kweli. Akasema na yeye alifundishwa hivyo hivyo, kwa kutaniwa na kufokewa, na akaamini ndiyo dawa. Tangu hapo, kabla ya muziki anauliza nani ana presha, nani ana tatizo la viungo, nani mjamzito, na anawaonyesha namna yao ya kufanya. Si wote waliofurahi. Wapo walionung'unika kwamba darasa limekuwa wodi, na wawili wamehamia kwingine. Shosti wangu wa goti naye hakurudi. Dada wa benki bado anafokewa, kwa maombi yake mwenyewe.

Baba Junior pia hakurudi, na sikumlazimisha. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo unaweza kuongea ukiyafanya lakini huwezi kuimba. Hakuna mahali wameandika kwamba lazima pawe na kioo na kipaza sauti. Siku tatu za wiki anatembea kwa kasi saa kumi na mbili asubuhi mtaani kwetu. Jumapili tunakwenda wote Coco Beach, tunatembea kandokando ya bahari mpaka tunavuka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, kisha tunarudi. Tunaongea njia nzima. Wakati mwingine najaribu kuimba, ananiambia ongeza mwendo.

Mara ya mwisho presha yake ilisoma 134 juu ya 86. Dawa bado anameza, na hataziacha mpaka daktari aseme. Kitambi kipo, ila kimepungua. Mimi naendelea na jimu Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu kunanifaa.

Kama na wewe unataka kujiunga, usianze na ada. Omba kuhudhuria siku moja kwanza. Kaa mstari wa nyuma, uangalie anayeshindwa anafanyiwa nini. Mwambie ticha maradhi yako kabla muziki haujaanza, na ukiona anapuuza, hela yako irudi nayo nyumbani. Jimu ziko nyingi.

Na kama mnakwenda wawili, sikiliza la dada yako. Siku mwenzako akichekwa, kumbuka kwamba wa kwanza kutazamwa ni wewe. Mimi nilichelewa kulijua hilo. Asubuhi hizi nikimwona anakunja vidole vyake, naushika ule mkono wa kulia, tunahesabu pamoja mpaka cha tano, ndipo tunaamka.